Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Imekuja Kwenye Boksi, Pedeli ya Kushoto Imegoma

SWALI: Fundi habari za kazi. Mie ni mama, nipo Makorora hapa hapa Tanga. Mwanangu kaanza fomu wani na shule ni mbali kidogo, nikaagiza baiskeli ya gia kutoka Dar, ikaja na basi mpaka Kange, bajaji ikaniletea boksi mpaka mlangoni. Muuzaji aliniambia imeshafungwa karibu yote, nyie mnamalizia tu. Jana usiku kaka yake na rafiki yake wakaikalia sebuleni, pedeli ya kulia ikaingia bila shida ila ya kushoto imegoma kabisa, wanasema tatizo ni nguvu wanataka waazime spana kubwa ya bomba waibane hivo hivo. Afu mtoto alipojaribu kupanda huku wamemshika akikata kona ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele, na waya wa breki umejisokota pale mbele. Na kuna washa mbili zenye kama kijino zimebaki sakafuni hawajui za wapi. Nimewaambia acheni kwanza mpaka nimuulize fundi. Hii baiskeli ni mbovu niirudishe au vipi?

JIBU: Nzuri dada yangu, na asante sana kwa kuwazuia hao vijana, kwa kweli umeokoa baiskeli. Usiirudishe. Kwa ulivoeleza baiskeli ni nzima, wamekosea vitu vitatu tu na vyote vinarekebishika leo leo hapo hapo sebuleni.

Nianze na pedeli maana hiyo ndo ya hatari. Pedeli mbili hazifanani, hata ukizitazama kwa macho utasema mapacha. Ya kulia inafungwa kama bolti ya kawaida, kwa mwendo wa saa. Ya kushoto meno yake yamekatwa kinyume, inafungwa kwa kwenda kinyume na saa. Yaani vijana wako walikua wanaifungua wakidhani wanaifunga, ndo maana inazunguka haishiki au inagoma mdomoni. Tazameni mwisho wa kile chuma cha pedeli, pale penye meno au kwenye uso wake wa bapa, pameandikwa herufi, R ni ya kulia na L ni ya kushoto, na kulia na kushoto ni ya mtu aliyekaa kwenye siti, sio ya mtu aliyesimama mbele anaitazama baiskeli, hapo wengi sana wanachanganya.

Wasioweza kukumbuka mwendo wa saa washike hivi: spana ikiwa imesimama wima kuelekea juu, isukume kuelekea tairi la mbele, pedeli inafunga. Upande wa kulia hivo, upande wa kushoto hivo. Kuisukuma kuelekea tairi la nyuma ni kufungua. Na sababu ya kukatwa kinyume sio ubabaishaji wa kiwandani, ni kwamba mguu ukikanyaga mfululizo ule uzito unazunguka ndani ya tundu na unakisukuma kile chuma taratibu kijizungushe, sasa kama ya kushoto nayo ingekua na meno ya kawaida ingekua inajifungua yenyewe kadri mtoto anavoendesha.

Sasa kuhusu hiyo spana ya bomba, naomba isiingie humo ndani kabisa. Chuma cha pedeli ni kigumu na mkono wa pedeli, ule unaofungiwa pedeli, kwenye hizi baiskeli za gia mara nyingi ni alumini, ni laini, ukilazimisha chuma kinashinda na alumini inaliwa meno. Mie mwenyewe nikiwa kijana najifunza kazi Ngamiani nililazimisha pedeli ya mteja, ikaingia imekaa upande, nikaona imekaza nikampa baiskeli yake. Siku ya tatu pedeli imechomoka kijana akiwa amesimama juu yake anapandisha, kachanika kidevu. Mkono wa pedeli nililipa, lakini kile kidevu mpaka leo nikikutana nae naanza kukitazama hicho. Ndo maana mtu akiniambia tatizo ni nguvu nakua mkali.

Fanyeni hivi. Futa meno, paka grisi kidogo, anza kwa vidole peke yake bila spana. Kwanza izungushe kinyumenyume taratibu mpaka usikie katika vidole imedondoka kidogo, kama tk, hapo meno yamekutana, ndo uanze kufunga. Iende raundi tatu nne kwa vidole tu. Ikigoma kwa vidole, toa anza upya, usichukue spana. Ikishaingia yote ndo ubane na spana namba 15, na hapo sasa bana kwelikweli. Na kama raundi ya kwanza ya meno imeshaumia, mpelekee fundi mwenye tepu ya pedeli, kile chuma cha kukatia meno, apitishe kutokea upande wa ndani wa ule mkono, upande ambao meno bado mazima, yatanyooka.

Jambo la pili, kiatu kugusa tairi na waya kujisokota. Hayo ni kosa moja dada. Wakipaki baiskeli kwenye boksi wanageuza ule uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika tairi, uangalie nyuma ili boksi liwe fupi, usukani unafunguliwa unafungwa ubavuni. Vijana wamefunga usukani vizuri unaangalia mbele, ila uma bado unaangalia nyuma! Miguu ya uma inatakiwa ipinde kwenda mbele, mbali na pedeli. Ikiangalia nyuma tairi linasogea karibu na mguu, ndo hicho kiatu. Kama ina breki ya diski, alama nyingine ni hiyo, diski na ile klipu yake inayoibana vinatakiwa viwe upande wa kushoto wa mwendeshaji, mkiikuta kulia jueni uma umegeuka.

Kuirudisha ni kazi ya dakika kumi. Pale kwenye shingo inayobeba usukani kuna bolti mbili za ubavuni, zilegeze kwa funguo ya L, shika usukani usicheze, zungusha tairi nusu mzunguko kwa upande ule ambao waya unajifungua sio unaozidi kujisokota. Bolti ya juu ya kifuniko ilegezwe kidogo kisha ibanwe kwanza, polepole tu, mpaka shingo isicheze na usukani bado unazunguka laini. Halafu nyoosha usukani na tairi, ndo ubane zile mbili za ubavuni, moja kidogo nyingine kidogo kwa zamu. Hapa mpangilio ndo kila kitu, ukibana za ubavuni kwanza ile ya juu haifanyi kazi yoyote, shingo itabaki inagonga na beringi zitaisha mapema.

Washa zenye kijino ni za tairi la mbele. Kijino kinaingia kwenye kitundu kidogo cha uma, washa inakaa nje chini ya nati, kazi yake nati ikilegea njiani tairi lisichomoke pale pale. Wengi wanazitupa, nyie zirudisheni, moja kila upande. Na wakati wa kufunga tairi hilo baiskeli iwe imesimama chini, uzito wake wenyewe unalikalisha katikati, ukifunga baiskeli imepinduliwa angalia mara mbili.

Sasa hilo neno la muuzaji kwamba imeshafungwa karibu yote. Ni kweli kwa kuhesabu vyuma. Lakini tazama kilichobaki ni kipi: tairi la mbele, usukani, pedeli, siti, na kukaza breki. Hivo ndo vinavyomshika mtoto asianguke. Na hata vile vilivyofungwa kiwandani usiviamini, vimewekwa tu vikae kwenye boksi, pita bolti moja moja mpaka za keria na madigadi.

Kabla hajatoka nataka umpime mwenyewe dada, huhitaji ufundi. Simama mbele ya baiskeli, bana tairi la mbele katikati ya magoti, zungusha usukani kwa nguvu za kawaida, ukizunguka peke yake bila tairi rudisheni spana. Kamata breki ya mbele usukume baiskeli mbele nyuma huku kidole kimegusa pale kwenye shingo, ukisikia inagonga bado imelegea. Minya mkono wa breki mpaka mwisho, ukifika kugusa usukani waya unatakiwa uvutwe zaidi. Mwonyeshe mtoto ni mkono upi wa breki ya mbele maana hizi zinazoagizwa hazifanani, nyingine kulia nyingine kushoto, akija kujua akiwa tayari barabarani atajua kwa kuanguka. Bomba la siti lina mstari umechorwa wa mwisho, ule mstari usionekane nje hata kama mtoto ni mrefu. Upepo wa tairi umeandikwa ubavuni kwenye mpira wenyewe, soma hapo usibonyeze kwa kidole. Na kama ni breki za diski, mikono yenye grisi isiguse diski kabisa, ikiguswa breki inakua inateleza na kupiga kelele.

SWALI: Mambo fundi. Niko Raskazone, baiskeli yangu mpya nilifunga mwenyewe ikawa freshi kabisa, sasa ina wiki mbili gia za nyuma zimeanza kuruka, nikibadili kwenda kwenye meno makubwa inasitasita inakwarua ndo inapanda. Jamaa ananiambia nizungushe zile skrubu mbili za H na L. Nizungushe?

JIBU: Poa mdogo wangu. Usiziguse. Hizo skrubu mbili kazi yake ni kuweka mipaka tu, cheni isidondokee kwenye spoki wala upande wa fremu, na kama wiki ya kwanza haikudondoka basi mipaka iko sawa. Ukizichezea ndo utaleta tatizo ambalo hukua nalo, na cheni ikiingia kwenye spoki unaweza kupoteza ule mkono wa gia wa nyuma unaosogeza cheni, wote.

Kilichotokea ni kwamba waya mpya na ile kava yake vimekaa sawa, vimelegea kidogo, kila baiskeli mpya inafanya hivo. Pale waya unapoingia kwenye mkono wa gia wa nyuma, au juu kwenye usukani, kuna kidude cha kuzungusha kwa vidole. Kizungushe kinyume na saa nusu raundi, jaribu, bado inasita ongeza robo, robo, mpaka ipande bila kukwarua. Ukizidisha itaanza kusita kushuka kwenye meno madogo, hapo rudisha robo. Siku hiyo hiyo kaza tena breki na bolti zote, zimelegea pamoja na huo waya.

Na kwa kua uko huko upepo wa bahari unapiga moja kwa moja, kausha cheni kila jioni kwa kitambaa, tia oili tone moja moja kisha futa ya juu yote. Toa pia bomba la siti ulipake grisi sasa hivi likiwa jipya, maana chumvi ikishaligandisha humo ndani nimeona watu wanakata kwa msumeno.

SWALI: Mwanangu fundi, asalaam alekum. Mimi mzee wa Barabara za Ngamiani, miaka yote napanda Phoenix. Mjukuu wangu ameniletea baiskeli mpya ya kisasa, nzuri ila usukani uko chini mgongo unauma. Kwenye Phoenix nalegeza ile bolti ya juu naigonga na nyundo usukani unapanda. Hii nimelegeza ya juu nimegonga haipandi, na sasa usukani unacheza.

JIBU: Waalaikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Naomba usiipande kwanza mpaka tumalize haya.

Phoenix yako shingo ya usukani inaingia ndani ya bomba kama mkono kwenye mfuko, na kule chini kuna kabari inayotanuka ukikaza bolti ya juu. Ndo maana unalegeza, unagonga kabari iachie, unapandisha, ila nayo ina mstari wa mwisho usivuke. Hiyo mpya haina kabari mzee. Shingo inakumbatia bomba kwa nje, zinazoishika ni bolti za ubavuni, ile ya juu inakaza beringi tu. Kwa hiyo ulipoilegeza hukulegeza usukani, umelegeza beringi, ndo hiko kucheza. Mjukuu alegeze za ubavuni, abane ya juu taratibu mpaka kucheza kuishe, kisha azibane za ubavuni.

Kuhusu mgongo, hiyo shingo haivutwi juu. Angalia kama kuna pete juu ya shingo chini ya kifuniko, zikiwepo zihamishwe zikae chini ya shingo, kila pete inakupa kimo chake. Kama hakuna, badilisheni shingo yenyewe iwekwe inayopanda juu, au uwekwe usukani uliopinda kuja kwa mwendeshaji, unaofanana na ule uliouzoea. Waya za breki zipimwe urefu kabla ya kununua, maana usukani ukipanda waya fupi zinavutika na breki inajishika yenyewe ukikata kona.