Oakland 2002: mechi ya 20 haikuwa rahisi

Umesema ushindi wa 20 mfululizo wa Oakland, timu ya besiboli ya Marekani, ulikuwa mteremko. Hapana ndugu, haukuwa. Septemba 4, 2002 waliongoza 11–0 dhidi ya Kansas City, wakarudishiwa zote hadi 11–11, ndipo Scott Hatteberg, aliyetokea benchi, akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, yaani pointi, kwenye awamu ya 9, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Ikaisha 12–11. Nimeirudia video yake mara nyingi na bado moyo hunidunda. Kabla ya mfululizo huo walikuwa wa tatu kwenye kundi lao, nyuma ya Seattle na Anaheim. Wakamaliza wa kwanza kwa ushindi 103. Ila rekodi ya ushindi mfululizo ya Ligi ya Amerika (moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani) si yao tena, Cleveland walifikisha 22 mwaka 2017.