Kununua chakula Kisumu bila kumaliza mshahara

Watu wakiniuliza chakula ni rahisi wapi Kisumu, hungoja niwatajie soko moja. Hakuna. Soko kubwa la Kibuye ni nafuu kwa vitu fulani, supamaketi kwa vingine, na mama mboga wa mtaani huwashinda wote ukishahesabu nauli.

Anza na vipimo. Mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, nyanya na waru (viazi) kwa fungu, unga wa paketi kwa kilo mbili. Fungu na kilo utazilinganishaje? Mimi nina mizani ndogo ya jikoni: nikinunua kwa muuzaji mpya, napima nyumbani na kuandika bei ya kilo kwenye simu. Gorogoro huhesabiwa kama kilo mbili hivi, lakini ipo mikebe iliyogongwa kitako kikaingia ndani, na wapo wanaojaza hadi kilele na wengine wanaofuta kwa mkono. Tazama chini ya mkebe kabla ya kuuliza bei. Mwenye mkebe mzima hakasiriki.

Kwa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, natazama mwezi. Huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza hufuata mwanga huo kwa wingi. Mbalamwezi ikiwaka hazikusanyiki, wavuvi wanarudi na kidogo, bei inapanda. Basi nunua za kutosha wakati wa giza, uzianike tena juani na kuziweka pakavu. Zaidi ya hapo, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili zizaane, kwa hiyo akiba yako ya maana ni ya Machi.

Samaki mkubwa akikushinda bei, kuna mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Mtaani Obunga huikaanga kila siku. Wageni huidharau mpaka waonje supu yake.

Mboga za kienyeji kama osuga (managu), dek (saga) na apoth (mrenda) hushuka bei mvua zikikolea, na kiangazi hupanda. Wakati huo mimi hugeukia kunde kavu bila kinyongo. Ndizi za Kisii na waru za Molo huja na malori, kwa hiyo nafuu iko kwenye mkungu na debe. Changeni majirani, mmoja aende Kibuye Jumapili, mgawane mlangoni.

Mchele wa Ahero, nje ya Kisumu, ni mtamu, lakini kabla ya kuufuata huko piga hesabu. Tuseme unaokoa shilingi 30 kwa kilo na nauli ya kwenda na kurudi ni 200: usiponunua kilo saba au zaidi, umetalii tu. Afadhali umwagize mtu anayepita huko.

Supamaketi naingia kwa sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupima ya shilingi ishirini ishirini, ukiyajumlisha hadi lita, mara nyingi yanazidi bei ya chupa. Najua si kila mtu ana pesa ya lita kwa mkupuo. Hapo ndipo chama kidogo cha kununuliana mafuta kinafaa kuliko kile cha kununuliana vikombe.

Na mama mboga usimhame kwa tofauti ya shilingi tano. Hukupa nyongeza, na katikati ya mwezi hukukopesha. Muulize tu mzigo wake huingia siku gani, ununue asubuhi hiyo.