Ukifilta dropdauni, usiguse alichoandika mtumiaji

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia meseji ndefu. Anatengeneza programu ya Windows, ile ya kuinstoli kwenye kompyuta, ina komboboksi (dropdauni ambayo pia unaweza kuchapa ndani yake) ya bidhaa na anataka mtu akichapa herufi listi ipungue, yabaki yanayofanana tu. Listi inapungua kweli, ila kila herufi akiibonyeza kile kistari kinachomemeta kinaruka kinarudi mwanzo wa neno, yani anaandika "maji" inatokea "ijam". Ameuliza kama aachane nayo amwekee mteja listi ya kawaida ya kuskroli. Nikamjibu hapana, usiache hata kidogo, halafu nikaona jibu lenyewe ni refu bora niliweke hapa manake najua mko wengi mnahangaika na hiki kitu.

Mi hii mada inanigusa. Kuna mfumo wa stoo ya vipuri niliwahi kufanyia kazi, vipuri elfu kadhaa, vyote vimerundikwa kwenye dropdauni moja. Karani mteja kasimama mbele yake, yeye anaskroli, anapita, anarudi juu, anapotea tena. Nilimwambia kiongozi wa timu tuweke filta akasema watumiaji watazoea. Watumiaji watazoea! Hiyo sentensi naikumbuka mpaka leo na bado inaniuma, kwa sababu aliyeisema hajawahi kukaa kwenye kile kiti hata asubuhi moja. Mi nilikuwa nimekaa pale pembeni ya karani, nimeona anavyoandika namba za utambulisho wa vipuri kwenye kikaratasi ili asiguse ile listi. Ukiona mtumiaji wako ana kikaratasi pembeni ya skrini, jua programu yako kuna mahali imemuangusha.

Nikaamua kuiandika mwenyewe baada ya saa za kazi.

Windows Forms, zana ya Microsoft ya kutengenezea madirisha ya programu, tangu toleo la .NET 2.0 la mwaka 2005 ina kitu cha bure kabisa, unaweka AutoCompleteMode iwe SuggestAppend na AutoCompleteSource iwe ListItems, basi, hakuna hata mstari wa msimbo. Wengi wanaishia hapo. Tatizo lake inatafuta mwanzo wa maandishi tu. Karani anatafuta "Pampu ya maji", kichwani kwake kilichopo ni maji, anachapa maji, haipati kitu. Na sisi majina yetu yanaanza na kitu chenyewe kisha sifa inafuata, kwa hiyo utakuta pampu ya maji, pampu ya mafuta, pampu ya breki, zote zimejipanga chini ya herufi P na neno linalozitofautisha liko mwisho. Filta ya mwanzo wa neno kwa listi kama hiyo inakusaidia kidogo sana. Unahitaji inayotafuta popote ndani ya jina, halafu matokeo uyapange: yanayoanza na alichochapa yaje juu, yanayofuata yale ambayo neno lolote ndani yake linaanza hivyo, ya mwisho yaliyonayo katikati ya neno. Huo mpangilio watu wanausahau, wanaacha alfabeti tupu, matokeo yake mtu anachapa herufi mbili na anachotaka kiko chini kabisa.

Sasa hapo ndipo unapoanza kuandika msimbo wako na ndipo yanapoanza yaliyompata msomaji wetu. Naomba mnisikilize vizuri. Filta inatakiwa ibadilishe kinachoonekana tu. Isiguse listi halisi, isiguse maandishi aliyochapa mtu, isiguse alichokwisha kuchagua. Nimefanya hii kazi kwenye Windows Forms na zana nyingine za aina hiyo, yani WPF (nayo ya Microsoft), Qt (ya C++) na Swing (ya Java), na karibu kila hitilafu niliyokutana nayo ilikuwa inavunja mojawapo ya hayo.

Msomaji wetu yeye yuko Windows Forms, kila herufi anaweka DataSource (listi inayoijaza komboboksi) mpya, na komboboksi ikipewa data mpya inajipangia upya maandishi na kistari. Kabla ya kubadilisha hifadhi Text (maandishi) na SelectionStart (mahali kistari kilipo), badilisha, kisha zirudishe. Na usitumie tukio la TextChanged kwa kazi hii, tumia TextUpdate, manake TextChanged inaamka hata pale programu yenyewe inapoweka maandishi kwa hiyo filta inajiita yenyewe na kujiita tena, wakati TextUpdate inaamka mtumiaji anapochapa. Ukishafungua listi kwa DroppedDown utashangaa mshale wa mausi umepotea juu ya dirisha, usipaniki, weka Cursor.Current iwe Cursors.Default unarudi.

WPF ni tamu zaidi lakini ina mtego ambao ulinikosesha usingizi. Huhitaji kugusa data kabisa, unachukua CollectionViewSource.GetDefaultView ya listi yako, yani mwonekano wake (default view), unaipa Filter, imeisha. Raha. Sasa chukua fomu ya kuhamisha mzigo, ina komboboksi ya ghala unakotoa na nyingine ya ghala unakopeleka, zote mbili zimefungwa kwenye listi ileile moja. Chapa kwenye ya kwanza, na ya pili inapungua! Ile default view ni moja kwa listi nzima, kila komboboksi iliyofungwa kwenye listi hiyo inaitazama hiyohiyo. Dawa ni kila komboboksi kupewa ListCollectionView yake, yani mwonekano wake peke yake, juu ya listi ileile. Mstari mmoja tu, lakini mpaka uujue.

Kibaya zaidi ni hiki, na hapa tafadhali msipite haraka. Mtu keshachagua kipuri, fomu imejaa, anarudi kwenye komboboksi anachapa kidogo kuangalia kingine. Filta inakiondoa kile alichochagua kwenye mwonekano, WPF inaona kilichochaguliwa hakipo tena, SelectedItem (kilichochaguliwa) inakuwa null, yani tupu, na bainding, ule uzi unaounganisha komboboksi na data, inaipeleka hiyo null mpaka kwenye rekodi. Mtu anabonyeza hifadhi. Kipuri kimepotea kwenye oda na hakuna aliyekifuta. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kitu chekundu, utakuja kujua siku mteja analalamika. Kwa hiyo andika Filter yako iruhusu kila mara kilichochaguliwa kipite hata kama hakifanani na kilichochapwa, au tenga tekstiboksi ya kutafutia juu ya listi isiwe ndio sehemu ya kuonyesha chaguo. Mi siku hizi nikiwa na nafasi kwenye skrini nachagua hiyo ya pili.

Pia zima IsTextSearchEnabled, la sivyo WPF inamalizia neno kwa niaba ya mtu huku filta yako nayo inafanya kazi, wanagombana. Na listi ikifungwa ondoa filta, manake mtu akishachagua, jina zima linaingia kwenye maandishi, akifungua tena anakuta kitu kimoja tu anadhani vingine vimefutwa.

Wa Qt nyie mna bahati, QCompleter, kile cha kumalizia maneno, tangu Qt 5.2 inakubali setFilterMode ya Qt::MatchContains, inatafuta popote. Kumbukeni tu setInsertPolicy iwe NoInsert, kwa sababu QComboBox inayoandikika kwa kawaida mtu akibonyeza Enter inamuongezea alichoandika chini ya listi, hapo utakuta "pamp" nayo imekuwa bidhaa. Swing ukijaribu kubadilisha maandishi ndani ya DocumentListener (inayosikiliza maandishi yakibadilika) inakurushia kosa la IllegalStateException yenye maneno "Attempt to mutate in notification", ipeleke kazi hiyo kwenye SwingUtilities.invokeLater ifanyike baadaye kidogo na mambo yanatulia.

Spidi nayo. Usifilte kila herufi papo hapo kama data inatoka kwenye databesi, weka taima ya milisekunde 200 hadi 300, mtu akitulia ndio utafute. Kama vitu viko kwenye memori elfu kadhaa si kitu, kinachochelewesha ni kuchora. Komboboksi ya WPF kwa kawaida inachora vyote hata visivyoonekana, mpe VirtualizingStackPanel, inayochora vinavyoonekana tu, kwenye ItemsPanel na utaona tofauti mara ya kwanza kuifungua. Kwenye kulinganisha herufi kubwa na ndogo tumia StringComparison.OrdinalIgnoreCase, sio kugeuza pande zote kuwa herufi ndogo kwa ToLower, manake kompyuta iliyowekwa Kituruki I kubwa haigeuki kuwa i yetu ya kawaida na filta yako itakosa vitu vilivyopo.

Ile filta ya vipuri ilikubaliwa baada ya karani mwenyewe kuijaribu. Alichapa herufi tatu, mshale wa chini, Enter, akanigeukia akasema hii iachwe hivihivi msiiguse tena. Siku ya kuonyesha kazi kwa wakubwa aliyesimama mbele kuielezea ni yuleyule wa "watazoea", na jina langu halikutajwa. Iliniuma sana, siwezi kusema uongo. Lakini kile kikaratasi cha namba kiliondoka pale mezani na hilo nililiona kwa macho yangu, na najivunia.

Kwa hiyo nyie mnaotengeneza hizi programu, acheni kudharau kazi ya dropdauni ati ni kitu kidogo. Kuna mtu anaishika siku nzima. Sekunde zake ni zako kuzilinda, na akili yake pia, kwa sababu kuskroli kunachosha akili kuliko mikono. Mheshimu. Asichapiwe asichotaka, asifutiwe alichochagua, asiachwe na kiboksi cheupe kitupu akichapa kitu ambacho hakipo, mwandikie "hakuna kinachofanana" ajue programu imemsikia.

Kabla hujampelekea mteja chomoa mausi kabisa. Ingia kwenye komboboksi kwa Tab, fungua kwa F4 au Alt na mshale wa chini, chapa neno la katikati ya jina, shuka, chagua kwa Enter. Rudi tena, chapa kitu kingine halafu bonyeza Esc, ulichochagua mwanzo kinatakiwa kiwe bado kipo. Kisha hifadhi fomu, ifunge, ifungue upya uangalie rekodi yenyewe kwenye databesi.