Ni Browns, si Jets
Ukiuliza ni timu ipi imebadilisha makwotabeki (wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira) wengi zaidi tangu 1999, wapo watakaosema New York Jets; jibu ni Cleveland Browns. Tangu warudi NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mwaka huo, walioanza mechi katika nafasi hiyo ni zaidi ya 40. Kuna jezi ya Tim Couch, kwotabeki aliyekuwa chaguo lao la kwanza katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya 1999, iliyowahi kuning'inizwa dirishani katikati ya jiji. Kila alipokuja mwingine, jina lake lilibandikwa kwa utepe chini ya la mwenzake, mpaka mgongo ukajaa.

Mimi nasema chanzo ni pupa zaidi ya mkosi. Kwotabeki wao Baker Mayfield aliwavusha hadi mtoano msimu wa 2020, wakawapiga wapinzani wao Pittsburgh Steelers 48-37. Machi 2022 wakamleta Deshaun Watson achukue nafasi yake, kwa kutoa chaguo 3 za raundi ya kwanza ya drafti, pamoja na mkataba wa dola milioni 230, zote za uhakika hata asipocheza. Na kweli hakucheza sana: kwanza kufungiwa mechi 11, kisha bega, kisha kano ya kisigino. Mayfield akaenda kung'ara timu ya Tampa Bay.

Ila hesabu hiyo ya zaidi ya 40 ina hata walioanza mechi moja tu kuziba pengo la majeruhi.