Kushiriki kampeni za DARUSO bila kugombea

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kushiriki kampeni za uchaguzi wa DARUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo hicho, bila kugombea. Inawezekana kabisa, nami nilianza hivyo hivyo. Jiunge na timu ya mgombea unayemwamini, upite naye jioni chumba kwa chumba katika hosteli za Mabibo, kwa sababu huko ndiko utakakowasikia wenzako wakieleza, huku wakipasha wali, jinsi bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo wa masomo, linavyoisha kabla ya mitihani. Beba daftari uyaandike. Soma mapema kanuni za uchaguzi, hasa kuhusu muda wa kampeni na mabango, maana kosa la mpambe linaweza kumponza mgombea. Usipokee fedha ya mtu, hata nauli ya daladala.