Nimetuhumiwa kuuza alama, nijiuzulu?

Ndugu Mhariri,
Nina CPA (sifa ya juu ya kitaaluma ya uhasibu) na nafundisha uhasibu chuo kikuu binafsi hapa Dar es Salaam. Matokeo yalipotoka, wanafunzi wenye sapu (mitihani ya marudio) walisambaza WhatsApp picha za miamala ya M-Pesa iliyoingia kwenye namba yangu, wakidai nauza alama. Zilikuwa pesa za vitini. Nimeshapewa barua ya kujieleza, na wenzangu wananishauri niache kazi kabla ya kikao cha nidhamu. Nifanyeje?
Mhadhiri, Kimara

JIBU
Usijiuzulu, mwalimu. Ukiondoka sasa tuhuma inabaki bila jibu, na siku ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) utaulizwa kwanza: nani alikuachisha?

Nguvu zako zote ziende kwenye miamala. Omba Vodacom taarifa rasmi ya muhula mzima, si picha za simu, kisha uilinganishe kama unavyolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki: tarehe, aliyetuma, kiasi, kitini alichochukua, alama ya testi, alama ya mtihani, na siku alama zilipoingizwa kwenye mfumo. Ikiwa kila aliyelipa alituma 5,000 ileile, na miongoni mwao wamo walioshika sapu, jedwali litakusemea. Ila mstari mmoja wa 50,000 usio na maelezo unaangusha utetezi mzima. Omba pia, kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa, kumbukumbu za nani alibadilisha alama na lini. Wengi huomba kwa mdomo, wakakosa ushahidi kwamba waliwahi kuomba.

Kama kanuni za chuo zinakataza kuuza vitini, likiri hilo mapema, kamati isije ikaligundua yenyewe. Usiwapigie wanafunzi simu wala usifute ujumbe wowote. Vyote viwili vitasomwa kama kuvuruga ushahidi.

Kwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007, muda wa kujiandaa kwa kawaida haupungui saa 48, na unaruhusiwa kuingia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, mshahara ni kamili. Ukiachishwa, una siku 30 za kujaza Fomu Na. 1 ya CMA. Zikipita, utaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa.

Na kama kuna hata shilingi iliyolipiwa alama kweli, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Muone wakili kabla hujaandika neno.

Kuhusu CPA, chuo hakina mamlaka ya kukufuta NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu); bodi ina utaratibu wake wa nidhamu. Endelea kulipa ada yako ya mwaka.