Kusomea dizaini bado inalipa?

Umeuliza kama kuna haja ya kulipa karo kusomea dizaini na siku hizi kila mtu ana Canva, ile app ya kutengeneza dizaini, kwa simu. Mimi niko kwa duka la kuprinti huku River Road, Nairobi, na ukweli ni kazi ndogo ndogo zimeenda, kadi ya harambee, posta ya mazishi, logo ya kibanda cha chipo, mtu anajitengenezea akiwa kwa matatu na simlaumu. Shida inaanza akitaka banner ya mita tatu, anaituma WhatsApp kama picha ya kawaida, imebanwa mpaka herufi zina ukungu (tuma kama document jameni!), halafu ile bluu ilikuwa inang'aa kwa skrini inatoka imefifia na ananiangalia kama mwizi. Skrini inachanganya mwanga, nyekundu, kijani na bluu, printa inachanganya wino, kwa hivyo kuna rangi wino hauwezi kufikia hata ulipe mara mbili, na hiyo watu wengi hawajui.

Hata michoro ya matatu, zamani ilikuwa brashi na rangi ya kupuliza, sasa nyingi ni stika zinatoka kwa kompyuta, lakini bado anatafutwa yule anajua mlango ukifunguka utakata uso wa nani kwa mchoro.

So kama hiyo kozi ni kubonyeza programu tu, kaa na pesa yako, YouTube iko. Kama kuna mwalimu wa rangi, herufi na jinsi ya kuitisha bei, hapo lipa.